Kumbukumbu za Wayeyusha Chuma wa Buhaya na Kipimo cha Akili

Katika shule zetu akili ya mtu hupimwa kwa yale awezayo kuyaandika peke yake, ndani ya chumba kimoja, kwa muda wa saa mbili au tatu. Desturi hii tumeizoea hata tukaiona kama sheria ya maumbile. Historia ya Buhaya inatupa mfano wa mtihani wa namna nyingine kabisa, nao wafaa utafakariwe na kila mwalimu.

Mwaka 1976 Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliwaomba wazee kadhaa wa Kihaya wajenge tanuri na kuyeyusha chuma kama ilivyofanywa zamani za ujana wao. Ombi hilo halikuwa dogo. Kazi ya kuyeyusha chuma ilikuwa imekoma huko yapata nusu karne kabla, baada ya chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya kuenea nchini. Wazee hao hawakuwa na kitabu cha kufunua wala mchoro wa kuiga.

Mara ya kwanza hawakufaulu. Lau pangekuwapo msimamizi mwenye saa mkononi, angewaandikia sifuri na kuwaruhusu waende zao, na sisi leo tungesoma kwamba Wahaya hawakuwahi kuijua kazi hiyo. Lakini hapakuwa na kengele. Walijaribu tena, wakarekebisha hapa na pale, na hatimaye chuma kikatoka. Shimo lilikandikwa kwa udongo wa kichuguu, nalo likajazwa majani ya bwawani yaliyochomwa mpaka yakawa makaa. Juu yake wakasimamisha kuta za tanuri. Vibomba vya udongo vikaingizwa ndani sana, si mdomoni tu, ili upepo wa mivukuto upate moto kabla haujafika penye mtapo. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Wataalamu wamebishana tangu hapo juu ya kiwango cha joto na juu ya kazi halisi ya vibomba vile. Ubishi huo tunawaachia wenyewe; kwetu sisi la maana ni kule kukumbuka.

Kumbukumbu hiyo ilikuwa imekaa wapi kwa miaka hamsini? Si katika kichwa cha mzee mmoja. Mmoja alishika kipande chake, mwenzake chake, na vingine havikujitokeza mpaka mikono ilipogusa udongo. Mwingereza Frederic Bartlett alikwisha kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 kwamba kukumbuka si kutoa kitu ghalani kama kilivyowekwa; ni kukijenga upya kila mara kwa vifaa vilivyopo. Aliyapata hayo kwa majaribio aliyoyafanya Cambridge. Wazee wa Buhaya waliyathibitisha mbele ya moto.

Mahali penyewe nako huhifadhi. Katika kijiji cha Katuruka, Maruku, wilayani Bukoba, mapokeo yalisema kwamba mti wa Kaiija unasimama pale wahunzi wa mfalme Rugomora Mahe walipofulia chuma. Mfalme huyo alitawala katika karne ya 17. Uchimbaji wa mwaka 1970 ulikuta kweli masalia ya kazi ya chuma, lakini ya kale mno: baadhi yake ni ya karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo. Je, wasimulizi walikosea? Kwa hesabu ya miaka, ndiyo. Walilibandika jambo la kale sana kwa mfalme wa karibu zaidi. Kwa mahali na kwa kazi iliyofanyika, walisema kweli iliyodumu zaidi ya miaka elfu mbili. Mtihani unaouliza tarehe peke yake ungewaangusha. Vivyo hivyo kwa waghani wa enanga, ambao tendi zao zilichunguzwa na M. M. Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1983: mghani hasomi maneno aliyoyakariri, bali huujenga utendi mbele ya hadhira yake.

Walikuwapo watu waliodai kuipima akili ya Mwafrika bila kujali hayo yote. Katika miaka ya 1930, nchini Kenya, madaktari H. L. Gordon na F. W. Vint walipima mafuvu na bongo, wakatangaza kwamba Mwafrika ana upungufu wa akili kwa kuzaliwa. Huo haukuwa utaalamu. Ulikuwa ukoloni uliovaa koti jeupe. Alfred Binet, Mfaransa aliyetunga kipimo mashuhuri cha akili mwaka 1905, alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada, na aliwapinga waliodhani kwamba akili ya mtu haiongezeki.

Hapa kwetu, Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba mtihani wa kuandika usiwe kipimo pekee, bali kazi na maendeleo ya kila siku vihesabiwe pia. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 2002, Robert Sternberg na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule wilayani Bagamoyo. Watoto walipimwa, wakapewa mafunzo mafupi, kisha wakapimwa tena. Alama zao zikapanda. Uwezo ulikuwapo tangu mwanzo, ila kipimo cha kwanza hakikuufikia. Mwalimu atakayewakumbuka wale wazee na tanuri lao la kwanza hatalishangaa jambo hilo.

Kumbukumbu inayokaa kati ya watu, hata hivyo, ina hatari yake: watu wakitoweka, nayo hutoweka. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Katika miaka iliyofuata mkoa wa Kagera ulizika maelfu ya watu wazima, wale hasa ambao wangeyapokea maneno ya wazee na kuyakabidhi kwa watoto. Mjukuu na babu wakabaki, na daraja la katikati likavunjika. Schmidt aliporudi Katuruka katika miaka ya 2000, wengi wa waliomsimulia zamani walikuwa wamekwisha kufariki. Wanakijiji wenyewe ndio walioanza kulihifadhi eneo la Kaiija na kukusanya yaliyosalia, wakienda nyumba hadi nyumba, na mara nyingi aliyekuwa na la kusimulia alikuwa bibi mzee ambaye hapo awali hakuna aliyekuwa amemwuliza.