Maana za Neno -eusi

Kiswahili kina majina mengi ya rangi, lakini vivumishi vya asili vinavyofuata ngeli ya jina ni vitatu tu: -eupe, -ekundu na -eusi. Kijani tumekitoa katika majani, kijivu katika majivu, na samawati tumeiazima kwa Waarabu.

Katika hivyo vitatu, -eusi ndicho kilichotwikwa mzigo mzito. Mtu mwenye chuki husemwa kuwa ana moyo mweusi. Hatuwezi kudai kwamba ubaya wote huo ulitoka ng'ambo, kwani kiza cha usiku kilitutisha sisi pia. Lakini sehemu yake imeletwa na tafsiri. Tumeanza kusikia "soko jeusi" na "orodha nyeusi", hali neno magendo tunalo tangu zamani. Chai isiyo na maziwa, ambayo Waingereza huiita nyeusi, sisi huiita chai ya rangi, wala hatukupungukiwa na kitu.

Tutazame basi upande wa pili. Mkulima aliyekwisha kulitifua shamba lake hutazamia wingu jeusi, maana jeupe halimletei mvua. Kwa makabila kadhaa ya bara, mnyama wa tambiko la mvua alikuwa mweusi, afanane na wingu linaloombwa. Naye mchongaji wa mpingo huondoa tabaka jeupe la nje ili aufikie moyo wa mti, kwani humo ndimo mlimo thamani yake. Huo nao ni moyo mweusi!

Wakati wa ukoloni, shule na hospitali zilitengwa kwa rangi za watu, na mtu mweusi aliwekwa mwisho. Ndiyo sababu bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, ilikuwa na mstari mweusi katikati, kwa maana ya wananchi wenyewe. Mwaka 1964, baada ya Muungano, rangi hiyo ilibaki katika bendera ya Tanzania kwa maana ile ile.

Hatusemi kwamba moyo mweusi wa chuki ufutwe katika kamusi. Tunachoomba ni kwamba mtoto anapofundishwa neno hili afundishwe lote: usiku na wingu, chuki na mpingo, na watu wake waliomo katika bendera. Akifundishwa nusu tu, atakuja kuionea haya ngozi yake kwa lugha yake mwenyewe.