Homa ya Mafua na Deni la Msema Kweli

Katika mhadhara wangu wa kwanza kila mwaka huwauliza wanafunzi swali linalowachekesha: kwa nini homa iliyoua mamilioni ya watu mwaka 1918 iliitwa ya Kihispania, ilhali hakuna ushahidi kwamba ilianzia Hispania? Jibu lake halichekeshi. Mataifa yaliyokuwa yakipigana katika Vita Kuu ya Kwanza yaliyabana magazeti yao yasiandike habari za kuvunja moyo. Hispania haikuwamo vitani. Magazeti yake yaliandika yaliyoonekana, na nchi iliyosema ikabandikwa jina la maradhi. Wahenga walinena kwamba msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Historia ya kufuatilia mafua duniani, kwa maoni yangu, ni historia ya jitihada za kuikanusha methali hiyo.

Mwaka 1918 maradhi yalisafiri kwa meli na reli, yakafika Mombasa na kupanda bara, huku madaktari wasijue hata kiini chake. Ni mwaka 1933 ndipo watafiti wa London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walipofaulu kukitenga kirusi cha mafua ya binadamu. Mwaka 1947 kituo cha kimataifa cha mafua kilianzishwa London, na mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani likaunda mtandao wa maabara ambao leo umeenea katika nchi zaidi ya 120. Muuguzi hupitisha kijiti cha pamba puani mwa mgonjwa. Maabara ya taifa huchunguza. Baadhi ya virusi hupelekwa katika vituo vikubwa vilivyoko Atlanta, London, Melbourne, Tokyo na Beijing. Mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini, wataalamu hukutana kupendekeza virusi vya kutengenezea chanjo ya msimu ujao. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini mtandao huo una matundu, na matundu yake ni ya kisiasa. Mapema mwaka 1957 aina mpya ya mafua ilizuka China. Jamhuri ya Watu wa China haikuwa imo katika Shirika la Afya Duniani, hivyo dunia haikupata habari mpaka maradhi yalipofika Hong Kong. Mwezi Aprili mtafiti wa Marekani, Maurice Hilleman, aliyatambua kwa kusoma gazeti. Janga hilo linakadiriwa kuua watu wapatao milioni moja. Siasa iliyoifungia China nje haikukifungia kirusi.

Tundu la pili ni la haki. Mapema mwaka 2007 Indonesia, iliyokuwa imepigwa vibaya na mafua ya ndege, ilikataa kuendelea kutoa sampuli zake. Waziri wa Afya, Siti Fadilah Supari, alihoji: sisi tunatoa virusi bure, makampuni ya nchi tajiri yanatengeneza chanjo, kisha tunauziwa kwa bei tusiyoimudu. Wengi walimlaumu kwa kuhatarisha dunia. Hata hivyo, mwaka 2011 mataifa yalikubaliana kwamba watengenezaji wanaotumia mtandao huo wachangie fedha na kutenga sehemu ya chanjo wakati wa janga. Makubaliano hayo yanahusu virusi vya mafua vinavyoweza kuleta janga tu. Mafua ya kila msimu na virusi vingine havimo.

Ndiyo maana Novemba 2021 tulirudi kwenye somo la Hispania. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walikitambua kirusi cha Omikroni na kuitangazia dunia upesi. Malipo yao? Katika siku chache, nchi nyingi ziliwafungia milango wasafiri wa kusini mwa Afrika. Baadaye ilibainika kwamba kirusi hicho kilikuwa kimekwishafika Uholanzi kabla ya tangazo.

Mei 2025 mataifa yalipitisha mkataba wa majanga ya maradhi, lakini sehemu nyeti, ya nani atoe sampuli na apate nini, iliachwa katika kiambatisho cha kujadiliwa baadaye. Wapo wanaosema Afrika nayo ikatae kutoa. Siungi mkono. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi wa nchi za joto tuna sababu ya ziada: kwetu mafua hayangoji majira ya baridi, huweza kuzunguka mwaka mzima. Kalenda ya Ulaya haitatuambia lini wodi za watoto zitajaa. Maabara zetu ndizo zitakazotuambia.

Basi tuseme, tena kwa sauti, lakini tudai vilevile. Serikali zetu zigharimie maabara zake badala ya kungoja wafadhili, na zisitie saini kiambatisho kisichoweka kwa maandishi fungu la anayetoa na ulinzi wa anayetangaza. Muuguzi anayechukua sampuli katika hospitali ya wilaya anaifanyia kazi dunia nzima. Dunia hiyo inadaiwa, na deni hilo lina zaidi ya miaka mia.