Asali ya Babati na mililita 100



Hapa Bagara, mtu akiwa na ndugu anayesafiri kwenda Ulaya, zawadi inayotajwa kwanza ni asali. Na kwa kuwa watu huamini mwandishi wa habari anajua kila kitu, swali hili naulizwa sana: kwa nini asali inazuiwa kwenye begi la mkononi? Asali ni chakula jamani, si bomu!

Leo nijibu. Habari yenyewe ilianzia mbali sana na KIA.

Desemba 11, 1994, ndege ya Shirika la Ndege la Ufilipino, safari namba 434, ilitoka Cebu kwenda Tokyo. Ikiwa angani, bomu likalipuka chini ya kiti. Abiria mmoja, Mjapani, alikufa. Rubani alifanikiwa kutua Okinawa. Mtegaji, Ramzi Yousef, alikuwa ameshashuka Cebu. Kilipuzi chake cha majimaji alikipitisha ndani ya chupa ya dawa ya lenzi za macho.

Kwa hiyo hatari ilijulikana. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 11 chupa ziliendelea kupita.

Kilichobadilisha mambo ni Agosti 10, 2006. Siku hiyo polisi wa Uingereza walitangaza kuwakamata watu waliopanga kulipua ndege za kutoka Heathrow kwenda Marekani na Kanada, kwa kutumia haidrojeni peroksaidi ndani ya chupa za vinywaji. Ghafla abiria wakaruhusiwa kuingia na pasipoti, pochi na vitu vichache tu ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Akina mama walitakiwa kuonja maziwa ya watoto wao mbele ya wakaguzi.

Sisi ambao tuna kumbukumbu ya Agosti 7, 1998, Dar es Salaam na Nairobi, hatuwezi kuicheka hofu hiyo.

Lakini marufuku kamili isingedumu. Septemba 26, 2006 Marekani ililegeza, na Novemba 6 Umoja wa Ulaya ukafuata: kila chupa isizidi mililita 100, zote zikae kwenye mfuko mmoja wa lita moja. Dawa na chakula cha mtoto vikaachwa nje ya kipimo hicho. Kisha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) likazishauri nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, zifanye hivyo ifikapo Machi 1, 2007.

Mililita 100 ni kama theluthi ya soda ya chupa. Na kinachopimwa ni chombo, si kilichomo: chupa ya robo lita yenye asali kidogo chini bado inakataliwa.

Sababu ni mashine. Eksirei za wakati ule hazikuweza kutofautisha vizuri maji, asali na kilipuzi. Ilikuwa rahisi kuzuia vyote kuliko kuvitambua. Hatua ya dharura ikageuka mazoea ya karibu miaka 20.

Sasa mashine mpya zipo, zinazopiga picha za pande zote kama zile za hospitali. Mwaka 2025 viwanja vya Edinburgh na Birmingham vilianza kuruhusu chupa za hadi lita mbili. Lakini mashine hizo ni ghali, na hapo ndipo penye uzito kwangu. Hofu iligawiwa nchi zote katika miezi michache. Nafuu inakwenda kwanza kwa mwenye fedha. Na msafiri wetu anayebadilisha ndege njiani hubanwa na kiwanja chenye masharti makali kuliko vyote.

Basi, asali yako ifunge vizuri, uiweke kwenye begi kubwa linalokwenda tumboni mwa ndege, na uulize kwanza kama nchi uendako inaruhusu kuingiza asali.

Je, mdau, unaonaje: sheria ya dharura ipewe miaka mingapi kabla ya kuulizwa upya?

Alamsiki.