Ugomvi wa Maprofesa Uliozaa Minyororo ya Markov

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma michakato nasibu hukutana na Markov kwanza kama jedwali. Ni desimali zilizopangwa safu kwa safu, na kila safu ikijumlishwa hutoa 1. Hufundishwa kulizidisha jedwali lenyewe kwa lenyewe, tena na tena, mpaka namba zitulie. Kisha unakuja mtihani. Ni nadra kuambiwa kwamba hesabu hizo zilitokana na ugomvi kuhusu hiari ya binadamu.

Mgomvi wa kwanza ni Pavel Nekrasov wa Moscow, aliyepitia seminari ya Kiorthodoksi kabla ya kugeukia hisabati. Hoja yake ya mwaka 1902 iliegemea kanuni ya namba kubwa ya Jakob Bernoulli, iliyochapishwa mwaka 1713: rusha sarafu mara nyingi, na sehemu ya vichwa itakaribia nusu. Bernoulli alichukulia kwamba mrusho mmoja hautegemei mwingine. Nekrasov akadai kwamba hilo ni sharti la lazima. Takwimu za ndoa na uhalifu, alisema, hutulia mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo matendo ya watu hayategemeani. Kwa hiyo kila mtu hutenda kwa hiari yake. Mafundisho ya kanisa yakawa yamepata shahidi katika ofisi ya takwimu.

Huko St Petersburg, Andrei Markov hakuvumilia. Mwanafunzi huyu wa mwanahisabati Chebyshev alikuwa na kalamu kali, na kanisa halikumpendeza: mwaka 1912 aliiandikia Sinodi Takatifu akiomba atengwe, baada ya mwandishi Tolstoy kutengwa mwaka 1901. Hata hivyo, kosa alilolishika lilikuwa la mantiki, si la imani. Matukio yasipotegemeana, wastani hutulia, ndiyo. Lakini nani kasema hautulii yanapotegemeana? Kuivunja hoja kulihitaji mfano mmoja tu, naye akautoa mwaka 1906: mfululizo ambao hatua inayofuata hutegemea hatua iliyopo, na ukishaijua hii, yaliyotangulia hayaongezi kitu. Huo ndio mnyororo wa Markov. Wastani wake ulitulia vilevile.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ile aliyoiwasilisha katika Akademia ya Sayansi mwezi Januari 1913. Markov alichukua herufi 20,000 za mwanzo za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, akaondoa nafasi na alama za vituo, akahesabu kwa mkono. Irabu zilikuwa 8,638, yaani takriban asilimia 43. Lakini baada ya irabu, uwezekano wa kupata irabu nyingine ulikuwa 0.128, baada ya konsonanti ulipanda hadi 0.663. Herufi zingekuwa hazitegemeani, namba hizo mbili zingelingana. (Kwa Kiswahili ile ya pili bila shaka ingekuwa juu zaidi, maana silabi zetu karibu zote huishia na irabu, ni akina mb, nd na sh tu wangeishusha.)

Mwaka huohuo Urusi ilisherehekea miaka 300 ya utawala wa ukoo wa Romanov. Markov akaandaa sherehe nyingine: miaka 200 ya kanuni ya namba kubwa.

Yeye mwenyewe hakujishughulisha sana na matumizi. Wengine ndio waliyaleta. Mwaka 1948 Claude Shannon, Mmarekani wa Bell Labs, alitunga mifuatano ya herufi inayofanana na Kiingereza kwa mbinu rahisi ajabu: unafungua kitabu popote, unachagua herufi, unafungua ukurasa mwingine, unasoma mpaka uikute herufi ileile, kisha unaandika inayoifuata. Mwaka 1953 Nicholas Metropolis na wenzake wa maabara ya Los Alamos waliutumia mnyororo wa Markov kukokotoa tabia za maada kwa kompyuta.

Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page wakaelezea namna ya kupanga kurasa za intaneti kwa umuhimu. Walimfikiria mtu anayebofya viungo ovyo bila kikomo: ukurasa anamojikuta mara nyingi ndio wenye uzito. Tatizo ni kwamba mtu huyo anaweza kunasa kwenye kundi la kurasa zinazoelekezana zenyewe tu. Kwa hiyo wakampa ruhusa ya kuchoka: kwa kawaida hufuata kiungo kwa uwezekano wa 0.85, na katika 0.15 iliyobaki huruka hadi ukurasa wowote. Mruko huo ndio unaoondoa sifuri zote kwenye jedwali la uwezekano wa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na jedwali lisilo na sifuri, ukilizidisha vya kutosha, lazima litulie.