WAZIMU: NENO HILI LIMETOKA WAPI?



Ndugu wasomaji, siku moja baada ya Swalah ya Alasiri, mama mmoja wa hapa Butihinda alinijia mlangoni mwa madrasa. Kijana wake alikuwa hajalala siku kadhaa, anazungumza peke yake, na jamaa walikuwa wamemfunga kamba nyuma ya nyumba. Akaniuliza: "Ustadhi, mwanangu ana wazimu au ana majini?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba aletwe asomewe. Usiku ndipo nilipojiuliza: hili neno wazimu, tunalolisema kila siku hata kwa mzaha, maana yake hasa ni nini?

Wazimu si neno la Kiarabu. Ni la Kibantu, na sisi wa Burundi tunalitambua upesi. Kwa Kirundi umuzimu ni roho ya mtu aliyekufa, na wengi wake ni abazimu. Waganda nao wana muzimu, na Washona wa Zimbabwe wana mudzimu. Katika Kiswahili yamebaki maneno mzimu na mizimu, na pia kuzimu, yaani huko chini waliko wafu. Kwa hiyo wazee wa zamani walipomwita mtu mwendawazimu hawakuwa wanataja ugonjwa. Walikuwa wanataja sababu waliyoiamini: roho za wafu zimemwingia.

Dalili yake ingali katika ulimi wetu. Twasema "wazimu umempanda" kama tusemavyo "pepo amempanda". Ila neno limebadilika: zamani lilitaja roho zenyewe, leo linataja hali ya mtu. Imani nyuma yake imesahaulika, lakini hofu imebaki.

Waarabu nao walipita njia ya karibu na hiyo. Wao husema majnuun, kutokana na mzizi wenye maana ya kufunika na kuficha. Humo ndimo limo neno jini, kiumbe asiyeonekana, na janiin, mtoto aliyefichika tumboni. Majnuun ni mtu ambaye akili yake imefunikwa, na watu wengi walisema aliyeifunika ni jini. Angalia basi: mataifa mawili yaliyokaa mbalimbali, na kila moja lilipoona jambo lisiloeleweka lilitafuta sababu kwa visivyoonekana.

Na akili je? Hilo ndilo la Kiarabu, 'aql. Mzizi wake ni kufunga na kuzuia, na 'iqaal ni kamba ya kumfungia ngamia goti asipotee. Akili ni kamba inayomzuia mtu na maangamizi. Wanachuoni, akiwemo Imaam Al-Ghazaaliy (aliyefariki 1111), waliihesabu miongoni mwa mambo matano ambayo Shari'ah imekuja kuyalinda. Naye Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kwamba aliyepoteza akili haandikiwi dhambi mpaka zimrudie. Ikiwa Mola wake hamhesabii, sisi tunamcheka kwa haki gani?

Waislamu waliotangulia hawakuishia kwenye maneno. Abu Zayd Al-Balkhiy (aliyefariki 934) aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akieleza huzuni, hofu na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye matibabu. Nuurud-Diin alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalaawuun akajenga ya Cairo mwaka 1284. Wagonjwa wa akili walikuwa na nafasi humo. Tusipambe lakini: msafiri Ibn Jubayr alipopita Damascus mwaka 1184 aliwakuta baadhi yao wamefungwa minyororo. Hata hivyo walikuwa ndani ya hospitali, na waliitwa wagonjwa.

Narudi kwa yule mama. Kijana alisomewa Qur-aan, na kisomo ni kheri. Lakini mimi nilimchelewesha. Wiki kadhaa zilipita kabla hajapelekwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, Bujumbura, na alama za kamba zilikuwa zimekwisha kuingia mikononi. Leo anatumia dawa, analima, na huja kuswali nasi. Watoto wa njiani wangali wakimwita umusazi, na baadhi yao ni wanafunzi wangu.

Mwenye kuamini majini, nasi tunaamini kuwa yapo, hakukatazwa hospitali. Mtume ametuamrisha kujitibu. Kisomo na dawa havigombani.

Wazazi, tuanzie nyumbani. Tuwafundishe watoto kusema "ni mgonjwa". Na tukimwona mtu amefungwa, tuulize kwanza kama amepelekwa kwa daktari.

Wallaahu A'lam.