Tembe la bibi na bati la baba

Nimepotea kidogo, UE zilinibana. Leo nawaletea historia, maana baba kapiga simu: likizo hii tembe la bibi kule Ismani linavunjwa, inajengwa nyumba ya tofali za kuchoma na bati. Ramani nichore mimi, eti msomi.

Sasa tembe lile nimelala mle kila mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikiuma nje, ndani kuna joto lake. Wahehe hawakulijenga kwa ushamba jamani. Vyumba vinazunguka ua, ng'ombe usiku wanalala katikati; paa ni magogo, fito, nyasi, juu yake udongo. Enzi za kupigana na Wangoni, 1878 hadi 1882, paa la udongo halikuwaka kirahisi kama la nyasi. Kalenga Mkwawa akaizungushia ukuta wa mawe kabisa, ingawa Wajerumani waliiteka 30 Oktoba 1894.

Mshkaji ninayekaa naye chumba kimoja, wa Tukuyu, kanicheka: "Kwetu hilo lingeyeyuka wiki moja!" Kweli bwana, kwao mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, Iringa mjini haifiki hata 800. Ndiyo maana Wanyakyusa walijenga kwa mianzi, paa la nyasi lenye mteremko mkali, migomba pembeni. Joseph Thomson, yule Mskoti, alipita huko 1879 akavisifia mno vijiji vile kwa usafi.

Halafu 1973 TANU ikaamua kwamba hadi mwisho wa 1976 wote wa vijijini tuwe kwenye vijiji vya kupangwa. Nyumba zikasimama kwa mistari, na tembe linataka uwanja. La bibi lilipona kwa vile lilikuwa tayari kwenye mstari, bahati tu.

Baba naye ana hoja. Mchwa wanakula nguzo, kila Februari linavuja, na nani atapanda kulisiliba? Bibi?

Basi nimechora hivi: msingi wa mawe, kuta nene za tofali mbichi (kuchoma kunamaliza miti), bati juu, chini yake dari ya fito na udongo, na ua ubaki katikati. Baba kaangalia picha kwenye simu, akasema: "Watu waseme nimesomesha mtoto akaniletea udongo?"

Bibi mwenyewe sijasikia aliyemuuliza. Jumamosi nampigia.