Ugomvi wa mipaka ya vihamba: kutoka nyasini hadi baraza la kata

Katika vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya migomba ya kifamilia, mpaka ulikuwa unapandwa. Safu ya mimea ya masale ilimwonyesha kila mtu migomba ya nani inaishia wapi. Kung'oa isale ili kujiongezea hatua mbili halikuwa kosa la mzaha, kwani jani la mmea huohuo ndilo Mchagga alilompelekea aliyemkosea alipotaka kusamehewa.

Majirani wakigombana, shauri lilianzia kwa wana ukoo na wakazi wa karibu. Walikaa nyasini, wakawasikiliza wagomvi na walioshuhudia mpaka ukipandwa, kisha wakaenda kuukagua kwa macho yao. Mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa sehemu ya shughuli hiyo. Lililowashinda lilipelekwa kwa Mangi, yaani chifu.

Kahawa ilizidisha moto. Ardhi iliyokuwa ya ndizi za kula sasa ilizaa fedha, huku vihamba vikigawanywa kwa watoto wa kiume kizazi hadi kizazi. Waingereza wakaweka sheria ya mahakama za wenyeji mwaka 1929. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ukafutwa. Wajumbe wa nyumba kumi walikuja katikati ya miaka ya 1960, na mabaraza ya kata yakaundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyeandika historia ya sheria za mila mlimani humo katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha kwamba chini ya mabadiliko yote hayo vikao vya ukoo na majirani viliendelea.

Viliendelea kwa sababu ya msingi. Hukumu humpa mmoja ushindi, lakini kesho yake wote wawili wanachota maji ya mfongo (mfereji) mmoja na kuzikana. Tume ya Rais ya masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuanzia mwaka 1991, ililiona hilo ikapendekeza Baraza la Wazee la Ardhi katika kila kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Mwaka 2021 Bunge likaliondolea baraza la kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, likaliachia usuluhishi tu. Mawakili hawaruhusiwi humo.

Nayaunga mkono mabadiliko hayo, ila sitaki tuwasifu wazee wa zamani kupita kiasi. Kikao cha ukoo kilikuwa cha wanaume. Mjane aliyenyang'anywa kipande na shemeji yake alisikilizwa na ndugu za shemeji huyo, na mara nyingi suluhu ilimaanisha yeye anyamaze. Hiyo haikuwa amani. Kwa hiyo kifungu ninachokithamini kuliko vyote ni kile cha mwaka 1999 kinachotaka wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji wawe na wanawake 3. Baraza la kata nalo lina siku 30 za kupatanisha. Zikipita bila mwafaka, mjane kama huyo ana haki ya kufungua shauri lake katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ukoo upende usipende.